Alama 21 kati ya 30

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale ulipoandika kwamba baba yako alipata alama 21 kati ya 30 katika kipimo cha kumbukumbu na kwamba tangu siku hiyo usingizi umekupaa, ukijiuliza kama seli za ubongo wake zimekwisha kufa. Nimeona nisikujibu kwa simu, kwa sababu swali lako moja limebeba maswali kadhaa, na kila moja lina kipimo chake.

Nianze na seli zenyewe. Seli ya neva ikishakomaa haigawanyiki ili kuziba pengo la mwenzake, na ili iishi ni lazima ilindwe na kulishwa maisha yote. Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi wa Italia aliyefanya utafiti kwa mayai ya kuku chumbani mwake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndiye aliyekuja kugundua protini inayozikuza neva na kuzidumisha, na mwaka 1986 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Stanley Cohen. Neva changa inayokosa protini hiyo huanzisha mpango wa kujimaliza ambao imezaliwa nao. Katika Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu taratibu, hata hivyo, kifo huja mwishoni mwa safari ndefu. Protini ya amiloidi hujikusanya mabonge nje ya seli, mara nyingi miaka 15 hadi 20 kabla ya mtu kuanza kusahau. Kisha protini nyingine iitwayo tau, ambayo kazi yake ni kuimarisha njia za usafirishaji ndani ya seli, hujisokota ikawa mafundo. Na sinapsi, yaani maungio ambayo seli huzungumzia, hupotea moja baada ya nyingine. Seli inaweza kukaa hivyo muda mrefu, ikiwa hai lakini bubu. Sitakuficha kwamba zipo sehemu, hasa lango la kuingilia kwenye eneo la kumbukumbu, ambako seli nyingi huwa zimekwisha kufa hata dalili zikiwa bado ndogo. Lakini kumbukumbu hupungua kwa sinapsi kukatika na pia kwa seli kufa, na alama ya mtihani haiwezi kukutenganishia hayo mawili.

Sasa hizo 21. Kwa maelezo yako, baba alipewa kipimo kilichochapishwa na watafiti wa Montreal mwaka 2005, ambacho alama 26 na kuendelea huhesabiwa kuwa za kawaida, na mwenye miaka 12 ya shule au pungufu huongezewa alama moja. Je, aliongezewa? Alikuwa amevaa miwani? Na masikio yake, ambayo tunajua yalivyo, yalisikia yale maneno matano aliyotakiwa kuyakumbuka, au alikumbuka vizuri maneno ambayo hayakutamkwa?

Nina sababu ya kuuliza hivi. Katika kipimo hicho mzee huchora saa, mshale mfupi ukiwa kwenye 11 na mrefu kwenye 2. Kwa Kiingereza mtego umo katika namba zinazotajwa: anaambiwa "ten past eleven", anasikia kumi, na ubongo uliochoka unamvuta auelekeze mshale kwenye 10 badala ya 2. Ukimwambia mtu kwa Kiswahili achore saa tano na dakika kumi, mtego unakuwa mwingine kabisa, kwa kuwa lazima kwanza aigeuze tano iwe 11. Bibi mmoja niliyempima aliweka mshale mfupi kwenye 5 bila kusita, kisha mrefu kwenye 2 sawasawa. Nikamnyima alama ya mishale. Jioni, nilipoitazama tena ile karatasi, niliona kwamba alikuwa ametii neno kwa neno nilichomwambia. Aliyekosea ni mimi niliyempa kipimo bila kufikiri lugha yake inahesabuje saa. Nilimwita tena wiki iliyofuata, na bado hilo linanikera.

Kuhusu kipimo cha damu ulichoniuliza: ni kweli kwamba Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, kinacholinganisha aina ya tau iitwayo p-tau217 na amiloidi. Kimekusudiwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili, na majibu yake husomwa pamoja na mengine yote ambayo daktari ameyaona. Kinaeleza kama mabonge ya amiloidi yanaelekea kuwepo, basi. Protini nyingine, nyurofilamenti, humwagika pale nyuzi za neva zinapovunjika, lakini hupanda pia baada ya kiharusi au jeraha la kichwa, kwa hiyo inakuambia kuna uharibifu bila kukutajia chanzo. Na kwa baba kuna jambo ambalo daktari asipoambiwa anaweza kupotoka: figo zake. Figo zikilegea, protini hizi hupanda kwenye damu hata kama ubongo haujabadilika.

Ndiyo maana ningetaka yaanze yale yanayotibika: tezi ya thairoidi, vitamini B12, sonona, na zile dawa za usingizi ulizozitaja. Lolote kati ya hayo linaweza kushusha alama.

Ama hilo la wewe mwenyewe kupimwa damu, nakusihi usubiri. Huna dalili, na wako wazee wengi wenye amiloidi kichwani ambao hufariki na akili zao timamu. Jibu la namna hiyo ungelibeba miaka mingi bila kujua ulifanyie nini.

Mwombe daktari arudie kipimo baada ya miezi sita, kwa lugha ambayo baba huiotea ndoto, asubuhi, akiwa na kifaa chake cha masikio. Wakati huohuo andika mambo anayoshindwa sasa ambayo mwaka jana aliyaweza. Na tafadhali nipigie picha karatasi yenyewe uniletee, maana alama peke yake hainitoshi; nataka kuiona saa aliyoichora.

Ni mimi rafiki yako