Asante, fundi wa pipa la maji

Ndugu uliyetujengea chujio la maji ndani ya pipa hapa ziwani ukaondoka bila kutaja jina, asante sana. Kokoto chini, changarawe juu yake, kisha mchanga laini uliooshwa mpaka maji yakatoka safi. Wengi huharibu hapo, maana mchanga wenye tope huziba upesi. Mdomo wa bomba umeuachia sentimita 5 juu ya usawa wa mchanga, ili mchanga usikauke. Ukikauka, ule utando hai unaokula vijidudu hufa, na kuotesha mwingine ni wiki 2 hadi 4. Kuchemsha bado tunachemsha: dakika 1 ya kutokota kwelikweli, 3 kwa aliye juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Na choo, mita 60 kutoka ukingoni, ulikipima kwa hatua! Mungu akubariki.