Barua ya Kufunga Muhula: Mfalme Kipofu na Kipande cha Sauti Kilichosambazwa

Ndugu Wazazi na Walezi,

Nawasalimu nyote. Nina furaha kubwa ya kuwashirikisha na jambo moja zito la kuwaambia. Naanza na furaha, maana watoto wenu wameistahili.

Mliokuwepo ukumbini jioni ya mwisho mnakumbuka: taa zilizimwa, pakabaki spika mbili na giza, na kwa karibu saa nzima hakuna aliyekohoa. Hiyo ilikuwa sehemu ya sita na ya mwisho ya tamthilia ya sauti ya Kidato cha Tatu. Sehemu tano za kwanza wanafunzi walizisikia kila Ijumaa kupitia spika za shule. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona shule nzima ikikimbilia darasani kabla ya kengele.

Mchezo unahusu dola ya kubuni ya zama za kati. Mfalme wake amezeeka na amepofuka. Huwatambua watu kwa vishindo vya miguu na kwa sauti zao. Uamuzi huo ulitoka kwa wanafunzi wenyewe, na ndio ninaojivunia kuliko mengine yote. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amewasimulia kwamba mwaka 1924 BBC ilirusha mchezo ulioandikwa mahususi kwa ajili ya redio, unaotokea ndani ya mgodi uliozimika taa. Wakauliza: kwa nini giza liwe la tukio moja tu? Tumpe mfalme giza hilo tangu mwanzo. Basi anayenyata nyuma ya pazia anatuponyoka sisi kama anavyomponyoka mfalme, na muhuri wa dola unapoibwa, sisi wasikilizaji nasi tunabaki tunapapasa.

Dola ni ya kubuni, lakini fitina zake hazikuokotwa hewani. Mwalimu wa Historia aliwakataza kuandika hata mstari mmoja kabla ya kusoma. Mfalme kipofu walimpata Songhai, dola ya zamani ya Afrika Magharibi, kwa Askia Muhammad, aliyetwaa madaraka mwaka 1493 na kuja kuondolewa na wanawe mwaka 1529, akiwa mzee asiyeona. Mwanamfalme anayeishi kifungoni mlimani wamemtoa Ethiopia, ambako wana wa ukoo wa kifalme waliwekwa juu ya Amba Geshen wasije wakagombea taji. Na yule mtunza hazina mpole, ambaye hakuna aliyemshuku, ametoka Bizanti, dola ya Warumi wa Mashariki: Malkia Irene alitawala peke yake baada ya mwanawe Constantine VI kupofushwa mwaka 797, na aliyekuja kumwangusha mwaka 802 alikuwa mkuu wa hazina yake mwenyewe. Mtihani gani ungewafanya wakumbuke miaka hiyo kama wanavyoikumbuka sasa?

Stoo ya vitabu iligeuzwa chumba cha kurekodia, mablanketi ukutani. Farasi wa wajumbe walikuwa vifuu viwili vikigongwa kwenye sanduku la mchanga. Radi ilikuwa bati. Moto wa ghala ulikuwa karatasi ya nailoni ikifinyangwa polepole karibu na maikrofoni. Gereza walilirekodi kwenye ngazi za maabara usiku, kwa ajili ya mwangwi. Minong'ono ndiyo iliyowachukua muda mrefu zaidi: mdomo karibu kabisa, lakini pembeni kidogo ili pumzi isivume. Mara ngapi walirudia sijui, ila najua walinzi walilalamika.

Ripoti za mitihani zimeambatanishwa. Someni maoni ya walimu, si nafasi ya mtoto peke yake. Vitabu vya maktaba virudishwe siku ya kufungua.

Kuhusu mahudhurio. Wazazi kadhaa waliwaondoa watoto shuleni kabla ya kufunga, wengine bila hata kuaga. Mmoja wa watoto hao ndiye aliyekuwa sauti ya Waziri Mkuu. Wenzake walilazimika kuandika upya sehemu ya tano usiku mmoja na kumuua Waziri nyuma ya mlango uliofungwa, kwa kishindo tu. Walifanya vizuri, lakini kijana aliyeijifunza nafasi ile kwa wiki nyingi aliisikia kwa simu akiwa nyumbani. Ruhusa huombwa kwa maandishi, na hutolewa na ofisi yangu.

Kuhusu ada. Nimeandika muhula uliopita, na uliotangulia. Wenye shida ya kweli walikuja, tukakaa, tukapanga namna ya kulipa kidogo kidogo, nao wanatimiza, nawashukuru. Ninaosema nao hapa ni wale wasiopokea simu ya mhasibu. Mwalimu aliyebaki na watoto wenu hadi usiku kwenye stoo ile naye ana watoto. Mtoto ambaye ada yake haijalipwa wala haijapangiwa utaratibu hatapokelewa siku ya kufungua. Sitamtuma yeye awaletee ujumbe huo. Nauandika kwenu ili msije mkamlaumu.

Sasa lile zito. Naliandika kwa ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe na wazazi wake.

Katika sehemu ya nne, binti wa mfalme anajitwika kosa la kuiba muhuri ili kumwokoa kaka yake. Anasema: "Muhuri niliuchukua mimi. Niliuficha, na sijutii." Wanafunzi wawili waliichukua rekodi hiyo, wakaikata neno "muhuri," wakaacha mengine. Wiki hiyo fedha za mfuko wa darasa zilikuwa hazionekani. Kipande kile kikaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kama ungamo la mwizi.

Wavulana wale nimewasimamisha masomo kwa wiki mbili, wameomba radhi mbele ya shule nzima, na wazazi wao walikuja bila kuitwa mara ya pili. Hao nimemalizana nao. Sijamalizana na ninyi.

Kipande kile kilisambazwa na watu wazima. Watu wazima waliandika chini yake maneno ambayo sitayarudia. Watatu walinipigia wakitaka binti afukuzwe siku hiyo hiyo. Mzazi mmoja tu aliuliza: "Mwalimu, hii sauti imetoka wapi?" Mmoja, katika kundi zima!

Aliyekitegua kitendawili hicho ni kijana aliyetengeneza milio ya mchezo. Nilimsikilizisha mara moja, akasema, "Hiyo nyuma ni fimbo ya mfalme." Na kweli, chini ya maneno ya binti kuna kugonga kuwili sakafuni. Yeye ndiye aliyekuwa ameishika fimbo ile stoo, usiku wa kurekodi. Masikio ya kijana yalitosha. Yenu yalishindwa kungoja hata asubuhi. Fedha zenyewe zilikuwa kwa mhasibu, ambako mtunza hazina wa darasa alizikabidhi kabla ya kuugua. Hakuna kilichoibwa.

Lawama moja ni yangu: rekodi zilikuwa wazi kwenye kompyuta ya maktaba. Kuanzia sasa zinafungiwa na mwalimu mhusika.

Ninachotaka kwenu ni hiki. Kila aliyesambaza kipande kile aombe radhi pale pale alipokisambaza, kwa jina lake, kabla ya shule kufunguliwa. Kukifuta kimyakimya hakutoshi. Aliyekituma kwa ndugu na majirani awafuate huko huko. Na wale watatu walionipigia, nawasubiri ofisini. Milango iko wazi wiki yote ya kwanza ya likizo.

Shule itafunguliwa tarehe iliyo kwenye kalenda mliyopewa, saa mbili asubuhi, kwa sare kamili.

Binti yule alikosa masomo siku nne, akarudi, akafanya mitihani yake yote. Muhula ujao tunaanza mchezo mpya. Ameniambia hataki tena sauti yake irekodiwe. Nimemwambia nafasi yake ipo, na sitamweka mtu mwingine hadi atakapoamua.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule