KUH: SUFURIA YENU ISIYOPIKA KWENYE JIKO LA INDAKSHENI

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ijumaa iliyopita nilinunua sufuria ya lita tano katika duka lenu la katikati ya jiji. Kabla ya kulipa nilimweleza muuzaji kwamba nyumbani Donholm napikia jiko la indaksheni, na kwamba tuko sita, kwa hiyo nataka sufuria ya kusongea ugali kila jioni. Akanionyesha kibandiko: inafaa majiko ya aina zote. Nikamwamini.

Jioni hiyo niliteleka maji. Jiko likalia, likazima. Nikapangusa kitako, nikajaribu tena, hali ikawa ile ile. Ndipo nikachukua sumaku iliyo kwenye mlango wa friji, nikaibandika chini ya sufuria. Ikaanguka. Jiko hili halina mwali. Hutumia nguvu za sumaku kukipasha moto kitako cha chombo chenyewe, na kitako cha alumini tupu hakiitikii.

Watoto wasilale njaa, nilibisha kwa jirani mwenye gesi. Hata huko ilibidi yeye aishike kwa vitambaa huku mimi nikisonga, kwa maana ni nyepesi mno, inazunguka pamoja na mwiko. Sina ubaya na alumini. Sufuria niliyouziwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, nzito ya kitako, ilinipikia kwenye makaa na gesi miaka mingi, na joto lake lilienea vizuri. Kilichoniuma ni kuuliza wazi nikajibiwa lisilo kweli.

Nilipoirudisha kesho yake na risiti mkononi, niliambiwa chombo kilichopikiwa hakirudishwi. Ningejuaje bila kupika? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa bora na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kibandiko chenu kilinipa habari za uongo.

Naomba mnirudishie pesa zangu zote. Kubadilishiwa hakutanifaa, kwani duka hilo halina nyingine ya ukubwa huo yenye kitako kinachoshika sumaku. Naomba pia vibandiko hivyo vibanduliwe kwenye sufuria za aina hiyo zilizobaki rafuni, na wauzaji wenu wawe na sumaku ya kumjaribia mteja kabla hajalipa.

Nimeambatisha nakala ya risiti na picha ya kibandiko. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu wa Donholm, Nairobi