Seva ya akiba ya simu isiachwe nyuma

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wasimamizi wa mitambo ya simu za ofisini kwamba seva ya akiba, yaani kompyuta inayoshika zamu ya kuendesha simu seva kuu ikizimika, hufaa pale tu mipangilio yake inapolingana na ya seva kuu. Katika Cisco Unified Communications Manager, mfumo wa kuendesha simu za ofisini, mabadiliko kama kuongeza namba ya mfanyakazi mpya huandikwa kwenye hifadhidata ya seva kuu, kisha hunakiliwa kwenye seva nyingine. Seva kuu ikizimika, simu huendelea kupigwa, na mtumiaji bado anaweza kuelekeza simu zake kwenye namba nyingine, lakini msimamizi hawezi kuongeza wala kufuta namba hadi seva hiyo irejee.

Kinachonitia hofu zaidi ni unakili kukatika kimyakimya: simu zinaita, hakuna anayelalamika, kumbe seva ya akiba imebaki na orodha ya zamani, na siku itakaposhika zamu haitazitambua namba mpya. Amri ya kukagua unakili ipo, na jibu lake likiwa 2 kwenye kila seva, hali ya unakili ni nzuri. Nawasihi wasimamizi waitazame kila baada ya mabadiliko makubwa.

Fundi wa mitandao ya simu,
Dar es Salaam