Barua kwa mdogo wangu wa Wete, Pemba

Mdogo wangu,

Assalaamu alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka nikutafutie chumba huku Unguja, chenye meza na ukimya, ndiyo uandike. Na umeniwekea mfano wa Abdulrazak Gurnah, mwandishi Mzanzibari mwenzetu, kwamba vitabu vyake kaviandikia Uingereza. Kweli. Lakini riwaya yake Paradise ilitoka 1994, na sisi tukaja kuisoma kwa Kiswahili, Peponi, mwaka 2022. Hesabu mwenyewe nyumbani tulingoja miaka mingapi.

Mimi msomaji wangu wa kwanza alikuwa shangazi, na wala kusoma hakujua. Msimu ule wa karafuu nilikaa jamvini na daftari mapajani, wenzangu wameizunguka chungu ya karafuu mbichi, chemli katikati, vidole vinakwenda: karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Nikawasomea ukurasa. Msichana wa hadithi yangu alianika karafuu siku nne, kisha ndiyo akakaa kuzichambua. Shangazi hata uso hakuinua.

"Huyo mwari wako karafuu kaziona wapi? Huchambuliwa usiku ule ule, mbichi. Asubuhi ndiyo juani."

Walicheka mpaka makonyo yakamwagika. Nami niliyezaliwa mikarafuuni nilitamani ardhi inimeze. Walipotulia akauliza, "Haya, kaolewa na nani?" Sikuwa na jibu. Nilikesha nikilitafuta, na hadithi ikaisha wiki ile.

Barza za mjini usizitamani sana. Wanaume wana kahawa yao na siasa zao. Mwanamke akisimama pale na karatasi mkononi huulizwa kama ana kesi.

Muswada ulipokamilika niliupeleka kwa mchapishaji mmoja. Ukakaa miaka miwili. Nilipoufuatia nikaambiwa haujulikani ulipo, na nakala ilikuwa ile ile moja, ya mkono. (Mama mpaka leo hajui, usimwambie.) Kwa hiyo muswada wako upige chapa mapema, uuhifadhi pahala pawili. Iko tuzo iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili. Jaribu huko, lakini si sasa.

Sasa karafuu zinakaribia. Usipande boti. Kaa hapo hapo jamvini, uchambue kwanza ili wasikununie, kisha usome. Zikishaanikwa nakuja mimi na penseli yangu, na nitakuuliza kaolewa na nani.

Dada yako