Nimjibu nini mwanangu kuhusu tiba ya chunjua?

Shangazi,

Pokea salamu kutoka Kisauni. Mwanangu wa miaka 11 amejaa chunjua mikono yote miwili, hata shuleni huificha chini ya dawati. Dawa ya kupaka yenye asidi humchubua, ya kuzigandisha kwa baridi kali ameikataa kwa maumivu, na sasa mtaalamu wa saikolojia amependekeza hipnosisi, yaani amtulize, azielekeze fikira zake, kisha amwambie kwamba chunjua zitanyauka.

Baba yake anayaita hayo mazingaombwe, japo ndiye aliyemnywesha kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, mwezi uliopita. Mimi siyadharau. Mwaka 1959 madaktari wawili wa Uingereza waliwatia wagonjwa 14 katika hipnosisi na kuwaambia kuwa chunjua za upande mmoja tu wa mwili zingetoweka. Kati ya 10 waliozama sawasawa katika hali hiyo, 9 walipona upande uliotajwa, na wa pili ukabaki vilevile. Najua pia kwamba chunjua huletwa na virusi, na kwa watoto wengi huisha zenyewe baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo sitarajii miujiza.

Kinachonitatiza ni kisa kingine. Mwaka 1952 Albert Mason, daktari wa mji wa East Grinstead hukohuko Uingereza, alichapisha habari za kijana wa miaka 16 aliyefunikwa na ngozi ngumu kama magamba. Akidhani ni chunjua, alimtibu mkono wa kushoto kwa hipnosisi, na katika siku 10 ukawa umetakata. Baadaye akaelezwa kuwa yale yalikuwa maradhi ya kuzaliwa nayo, yasiyo na dawa. Alipowajaribu wengine wenye maradhi hayo hakufanikiwa, na mwenyewe akahisi kuwa ile imani ya mwanzo ilikwisha kumtoka.

Basi mwanangu, ambaye hunisoma usoni kabla sijafungua kinywa, ameniuliza kama kweli zitatoka. Nikimwambia naam kwa uhakika nisio nao, nitakuwa nimemdanganya, na zisipotoka atajilaumu kwamba hakuamini vya kutosha. Nikimwambia huenda, nachelea kuivunja tiba kabla haijaanza. Nimjibu nini, au nimwachie mtaalamu amweleze? Na je, aendelee na dawa ya kupaka wakati huohuo? Baba yake amekubali kwa sharti hilo.

Mama Mwenye Shaka,
Mombasa