Mfupa Umeunga, Mbona Mkono Bado Haunyanyuki?

Swali tunaloulizwa mara nyingi katika kituo chetu cha fiziotherapia hutoka kwa watu waliovunjika mfupa wa mkono wa juu, wengi wao katika ajali za pikipiki: eksirei inaonyesha mfupa umeunga, kidonda kimekauka, lakini kiganja bado kinaning'inia na vidole havinyooki. Baadhi yao hufanya mazoezi kwa miezi miwili, wasione badiliko lolote, wakaacha kuja, ilhali ndani ya mkono kazi ilikuwa ikiendelea. Inatuuma kila inapotokea.

Neva inayonyanyua kiganja huuzunguka mfupa huo kwa nyuma, ikiwa imeuegemea kabisa, na ndiyo maana mfupa unapovunjika neva nayo huumia kwa urahisi. Mara nyingi huwa imebanwa au kuvutwa tu, na iwapo kilichoharibika ni ule utando wa mafuta unaozifunika nyuzi zake, nguvu hurudi baada ya wiki au miezi michache. Nyuzi zenyewe zikikatika, safari huwa ndefu. Seli zinazoamrisha misuli, ambazo makao yake ni ndani ya uti wa mgongo, kwa kawaida hubaki hai, lakini sehemu yote ya uzi iliyo upande wa vidole hufa na kumomonyoka, jambo ambalo Augustus Waller alilieleza mwaka 1850 baada ya kukata neva za ulimi wa chura.

Kumomonyoka huko ndiko kunakosafisha njia. Seli za Schwann, ambazo kazi yake ya kila siku ni kuufunika uzi kwa utando huo wa mafuta, huiacha kazi hiyo na kuanza kuyala mabaki, zikisaidiwa na seli za kinga zinazotoka kwenye damu. Kisha huongezeka na kujipanga safu ndefu ndani ya ala ya neva, zikitoa kemikali zinazoulea uzi mpya. Uzi huo huchipua kwenye kisiki kilichobaki na kusogea takriban milimita 1 kwa siku. Kwa hiyo, ikiwa kutoka penye jeraha hadi kwenye misuli iliyo chini kidogo ya kiwiko ni sentimita 12, hiyo ni miezi 4, bila kuhesabu wiki za mwanzo za kusafisha njia.

Wateja walioumia uti wa mgongo wenyewe hatuwaahidi hayo. Huko mabaki huondolewa polepole mno, utando wa mafuta una protini zinazozuia uzi kukua, na seli za jirani hujenga kovu. Mwaka 1981, huko Montreal, Samuel David na Albert Aguayo waliwapandikizia panya vipande vya neva za mguuni kati ya shina la ubongo na uti wa mgongo, na nyuzi zikakua ndani yake kwa sentimita kadhaa. Kilichokuwa kimezizuia, kwa sehemu kubwa, ni mazingira yake.

Mazoezi tunayokupa hayauharakishi uzi. Yanazuia viungo visikakamae kabla haujafika, na banzi tunalokufunga huzuia kiganja kisiendelee kuning'inia. Ngozi ya mgongo wa kiganja, karibu na kidole gumba, inaweza kuwa na ganzi, basi usiisogeze karibu na sufuria ya moto.

Kila mwezi tutagonga taratibu juu ya njia ya neva kwa ncha ya kidole. Pale utakaposikia mchomo kama wa umeme ukielekea kwenye kidole gumba ndipo nyuzi changa zilipofika, nasi tutapima umbali huo na kuuandika kwenye daftari lako. Alama isiposogea, na misuli isipoonyesha dalili yoyote ya kuamka kufikia mwezi wa tatu au wa nne, tutakuandikia barua ya kumwona daktari wa upasuaji, kwa kuwa misuli iliyokosa neva kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu huwa imedhoofika kiasi kwamba hata uzi ukifika ni vigumu kuiamsha.